Sheria Ipime Kitu kwa Kazi Yake Mwilini: Mitishamba, Vyakula na Pombe

(Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Moshi, Kilimanjaro, mbele ya wahudumu wa afya, waganga wa tiba asili, wapika pombe, walimu na wanafunzi)

  

 Nimeombwa nizungumzie udhibiti wa dawa na vyakula vya mimea, kisha nieleze pombe inafanya nini katika kemia ya ubongo. Huenda wapo wanaojiuliza mada hizi mbili zimekutania wapi. Kusudi langu jioni hii ni kuonyesha kwamba ni mada moja, na kwamba kuigawa kunatugharimu maisha ya watu.

Hoja yangu ni hii. Sheria zetu, na mazoea yetu pia, huanza kwa kuuliza kitu kimetoka wapi: shambani au kiwandani, kwa mganga au kwa mfamasia, kimepikwa uani au kimefungwa kwenye chupa yenye stempu ya kodi. Mwili hauna habari na maswali hayo. Kwa mwili, la maana ni kemikali gani imeingia, kwa kiasi gani, imetayarishwa vipi, imemkuta nani, na imekutana na nini kingine humo ndani. Natamani siku moja sheria nayo iulize hivyo hivyo.

Mfano ninao hapa hapa mlimani: mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu humenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Kando yake ulezi hulowekwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea, na kimea kikapikwa uji. Katika uji huo hutiwa gome la msesewe, nalo ndilo linaloipa mbege uchungu wake. Vikichanganywa na kuachwa viumuke, mbege imeiva. Ndizi na ulezi ni chakula. Kinachozaliwa na uchachukaji ni kileo. Msesewe je? Huo ni mti wa jenasi ya Rauvolfia. Kutoka kwa mmea mwingine wa jenasi hiyo, ule wa India uitwao Rauvolfia serpentina, watafiti wa kampuni ya Ciba ya Uswisi walitenga mwaka 1952 kemikali iitwayo reserpini, ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo za shinikizo la damu na za magonjwa ya akili. Reserpini hukausha akiba ya dopamini, noradrenalini na serotonini katika neva. Naomba nieleweke: sisemi kwamba kata ya mbege ni dozi ya reserpini. Mimea miwili ya jenasi moja haina kemikali sawa kwa kiasi sawa. Nasema tu kwamba katika kata moja tuna chakula, kileo na mmea ambao ndugu yake ni dawa.

Sasa tazameni nani anaisimamia kata hiyo. Usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Mwaka huo huo iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ikawa TMDA, mamlaka iliyobaki na dawa na vifaa tiba. Tiba asili ina Baraza lake, lililoundwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002. Vileo viko chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na leseni zake zinatolewa katika halmashauri. Kila ofisi ina kazi yake na watu wake wenye bidii. Lakini mnywaji ni mmoja, na ini lake ni moja.

HOJA YA KWANZA: Kitu kuwa cha asili si ushahidi wa usalama, wala si ushahidi wa hatari.

Mhogo mchungu una linamarini. Ukikwaruzwa au ukipondwa, vimeng'enya vyake vyenyewe huivunja linamarini hiyo ikatoa sianidi. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kumenya, kuloweka, kuvundika na kuanika hadi sumu itoke. Tatizo huja njaa inapopiga hodi na siku za kuloweka zikapunguzwa. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame uliwafanya watu wategemee mhogo uliotayarishwa kwa haraka, na ugonjwa wa konzo ukazuka. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na ulemavu huo haumwachi maisha yake yote. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake. Madaktari waliokuwa Kongo walikuwa wameuandika ugonjwa huu tangu miaka ya 1930. Mmea ni ule ule unaotulisha kila siku. Kilichobadilika ni idadi ya siku ndani ya maji.

Mfano wa pili unatoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jenasi ya Aristolochia, kwa kuwa majina yake ya Kichina yanafanana. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu. Jina liliandikwa sawa kwenye karatasi, mmea ukawa mwingine ndani ya gunia.

Waganga wetu mliopo hapa mnalijua hili kuliko mimi. Jina moja la mti ukilitaja Rombo watakuonyesha mti huu, ukilitaja Same watakuonyesha mwingine. Kwa hiyo usajili wa dawa ya mitishamba unaoishia kwenye jina la kienyeji haujamlinda mtu yeyote. Panahitajika jina la kibotania, sehemu iliyotumika (gome, mzizi au jani), na sampuli iliyokaushwa ikahifadhiwa, ili kesho mtu akidhurika tujue alikunywa nini.

Wenzangu wa hospitali, nanyi nina neno lenu. Wapo wanaosikia neno "mitishamba" wakakunja uso kabla hawajasikia ni mmea gani. Kwinini ilitoka kwenye gome. Mofini ilitoka kwenye utomvu. Dharau nayo ni namna ya kukataa kupima.

HOJA YA PILI: Dawa ni mmea pamoja na matayarisho, kipimo na ushahidi wake.

Miaka ya vita vya Vietnam, malaria iliwaua askari kwa wingi, na serikali ya China ikawapa wanasayansi wake kazi ya kutafuta dawa mpya. Mtafiti Tu Youyou alipitia vitabu vya kale vya tiba, na katika kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akakuta agizo la kuloweka mmea wa artemisia katika maji, kuukamua na kunywa maji yake. Halikutajwa suala la kuchemsha. Tu Youyou akawaza kwamba pengine joto ndilo linaloiharibu dawa, akabadili njia na kutumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1972 kundi lake lilikuwa limetenga artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Leo dawa mseto ya malaria anayopewa mtoto wako zahanati imetokana na kazi hiyo, na Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizolima artemisia kwa ajili ya viwanda vya dawa.

Hadithi hiyo ina mafunzo mawili, na watu wengi huchukua moja tu. La kwanza ni kwamba mganga wa kale alikuwa na kitu cha kweli mkononi. La pili ni kwamba kitu hicho kilihitaji kutengwa, kupimwa na kujaribiwa kabla hakijawa dawa ya kutegemewa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya chai ya artemisia kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha artemisinini katika kikombe hakitabiriki, na dozi pungufu huwafundisha vimelea kuihimili dawa.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila na kikombe cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Namtaja kwa heshima, kwa kuwa ametangulia mbele za haki. Kikombe kilikuwa kimoja, bei yake shilingi 500, mmea wake mugariga, nacho kilielezwa kuwa kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani na mengineyo. Magari yalijipanga kwa kilomita nyingi, na wengine waliondoka kwenye vitanda vya hospitali kwenda kuwahi foleni. Wahudumu wa afya wakalazimika kuwasihi watu wasiache dawa zao za kufubaza virusi. Wakati huo Sheria ya Tiba Asili ilikuwa na miaka 9. Somo lake kwangu ni hili: kadiri ahadi inavyokuwa kubwa, ndivyo ushahidi unavyopaswa kuwa mzito, na ushahidi huo utafutwe kabla ya foleni. Anayesema mchanganyiko wake unatuliza kikohozi aombwe historia ya matumizi na kipimo cha usalama. Anayesema unatibu saratani aombwe majaribio kwa wagonjwa, sawa na anavyoombwa mwenye kiwanda.

HOJA YA TATU: Pombe ni dawa inayofanya kazi kwenye ubongo, na ichukuliwe kwa uzito wa dawa.

Hapa naomba tutulie kidogo. Wanafunzi wa udaktari mtanivumilia nikitumia lugha nyepesi.

Seli za ubongo huzungumza kwa kutumiana kemikali. Kemikali iitwayo GABA hutuliza: ikifika kwenye kipokezi chake, seli inapunguza kasi. Kemikali iitwayo glutamati huchangamsha: ikifika, seli inaamka na kurusha ujumbe. Ubongo wenye afya huenda kwa mizani ya hizo mbili, kama dereva anavyoshuka mteremko wa Kitonga akitumia breki na mafuta kwa zamu.

Molekuli ya pombe, yaani ethanoli, ni ndogo sana na huyeyuka katika maji na katika mafuta pia. Kwa hiyo ndani ya dakika chache imeshavuka kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo. Ikifika, inaongeza nguvu ya GABA na inaziba kipokezi kimoja cha glutamati. Breki zinakazwa, mafuta yanapunguzwa. Ndiyo maana wasiwasi unaondoka, aibu inaondoka, kisha ulimi unakuwa mzito na miguu inakosa mizani. Sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu mpya inategemea glutamati hiyo hiyo. Ikizidiwa, mtu anaweza kuongea na kutembea usiku kucha na asubuhi asikumbuke lolote. Dozi ikizidi sana, breki zinafika hadi kwenye kitovu cha kupumua, na mtu anakufa usingizini huku wenzake wakidhani amelala.

Papo hapo pombe inaamsha opioidi ambazo mwili wenyewe huzitengeneza, na inaongeza dopamini katika njia ya ubongo inayotufundisha kurudia yaliyotupendeza. Njia hiyo haimpi mtu raha tu, inamfundisha. Inaunganisha kinywaji na kijiwe, na muziki, na saa ya kutoka kazini. Kwa sababu hiyo mtu aliyeacha miezi mingi anaweza kupita mbele ya baa aliyoizoea na tamaa ikamwamkia. Anayemwambia "jikaze" haelewi anapambana na nini. Ipo dawa iitwayo naltrexone inayoziba vipokezi vya opioidi hizo, na inawasaidia baadhi ya watu kupunguza au kuacha. Nawaomba wahudumu wa afya muifahamu.

Sasa sikilizeni sehemu inayoua. Ubongo haukubali kukandamizwa kila siku. Kwa mnywaji wa kila siku, wiki hadi wiki, vipokezi vya GABA vinapoteza wepesi wake na vya glutamati vinaongezeka. Ubongo umejipanga upya ili ufanye kazi ndani ya pombe. Siku pombe ikikatika ghafla, breki zimelegea na mafuta yamefunguliwa hadi mwisho. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Kwa hali hiyo watu wetu wana tiba yao, nayo ni kuzimua: kinywaji kimoja asubuhi na mikono inatulia. Inatulia kweli, na ndiyo dalili kwamba mtu ameshavuka mpaka. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao wanachanganyikiwa kabisa.

Fikirini mgonjwa wa namna hii, ambaye kila muuguzi wa wodi ya mifupa hapa amewahi kumwona. Kijana ameanguka na bodaboda, amevunjika mguu, amelazwa. Hakuna aliyemuuliza kiasi anachokunywa. Siku ya tatu anatetemeka kitanda kizima, anafukuza wadudu ukutani ambao hakuna mwingine anayewaona, anamwita mtu aliyekwisha kufa. Ndugu wanatazamana: karogwa. Wanaomba ruhusa, wanampeleka kuombewa au kuaguliwa. Kijana huyo anahitaji diazepamu kwa vipimo sahihi, maji, na vitamini B1, yaani thiamini, itangulie kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa thiamini, na glukosi peke yake inaweza kumalizia akiba iliyobaki na kuuharibu ubongo kwa kudumu. Akipata hayo, kwa kawaida anapona. Akiyakosa, anaweza kufa. Mama yangu uliyekaa pale mbele, naona unaitikia kwa kichwa. Pengine unamjua mmoja. Basi tupeleke ujumbe huu nyumbani: mtu anayekunywa kila siku asiamriwe kuacha kwa siku moja bila msaada wa kituo cha afya.

Tuseme pia kwa namba. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za ethanoli. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, chenye asilimia 35, kina takriban gramu 55. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo kichupa kile kinahitaji kama saa 5 na nusu hadi 8 kuisha mwilini. Kahawa, maziwa, supu ya moto na kuoga maji baridi haviongezi kasi hiyo hata kidogo. Dereva anayepumzika saa mbili na kushika usukani bado amelewa.

Kwa mjamzito, ethanoli huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake halijakomaa. Ubongo unaojengwa unaweza kudhurika, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama. Hilo ni pamoja na pombe ambayo mila zetu zinaihesabu kuwa chakula cha mzazi. Kwa kijana, ubongo huendelea kukomaa hadi kama miaka 25, na sehemu ya kupima matokeo ya jambo ndiyo inayokomaa mwisho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Na tangu mwaka 1988 wakala wake wa utafiti wa saratani umeiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

HOJA YA NNE: Marufuku bila kipimo haitoshi, na leseni bila kipimo haitoshi.

Pombe ya moshi, yaani gongo, imepigwa marufuku kwa sheria tangu miaka ya 1960. Haijaisha. Imehamia gizani, mahali ambapo hakuna anayepima kilichomo. Kenya nayo ilipiga marufuku chang'aa, pombe yake ya moshi, na mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kinywaji kilichochanganywa na methanoli. Mwaka 2010 Kenya ikabadili njia: sheria mpya ya vileo iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuuzwa kwenye chupa. Mei 2014, katika kaunti kadhaa, zaidi ya watu 80 wakafa tena, na sumu ikawa ile ile. Wengine wakasema hiyo inathibitisha marufuku ilikuwa bora, na wengine wakasema marufuku ndiyo iliyouzaa ugonjwa. Mimi naona mara zote mbili kilichokosekana ni mtu mwenye kipimo kati ya pipa na glasi.

Methanoli inafanana na ethanoli kwa sura na inakaribiana nayo kwa harufu. Kimeng'enya kile kile cha ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi fomiki, na asidi hiyo huzuia seli zisitumie oksijeni. Mshipa wa fahamu wa jicho huathirika mapema. Mtu hunywa usiku, akaamka vizuri, kisha baada ya nusu siku hadi siku nzima anaona ukungu mweupe, anatapika, anahema kwa nguvu. Atakayefikishwa hospitali mapema anaweza kuokolewa kwa dawa ya fomepizole, au kwa ethanoli yenyewe chini ya uangalizi wa daktari, pamoja na kusafishwa damu.

Uchachukaji wa kawaida wa matunda hutoa methanoli kidogo tu. Vifo vya halaiki kwa kawaida hutokana na methanoli ya viwandani kuingizwa kwenye kinywaji ili kukiongezea ukali na faida. Kwa hiyo kumkamata mama mwenye mtungi kila Jumamosi hakugusi chanzo. Chanzo ni pipa lililotoka bohari ya kemikali bila kujulikana lilikokwenda. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 tayari inampa Mkemia Mkuu wa Serikali mamlaka juu ya mapipa hayo. Kazi iliyobaki ni kuyafuata hadi mwisho wa safari.

Upo pia mfano wa sheria iliyolenga vizuri. Tarehe 1 Machi 2017, Tanzania ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki. Marufuku hiyo haikujali kama pombe ni ya kienyeji au ya kiwandani. Ilitazama bei ndogo, ukubwa unaoingia mfukoni mwa sare ya shule, na ukali wa kilichomo. Ilitazama namna kitu kinavyomfikia mtoto. Mtazamo huo ndio ninaoutetea.

HOJA YA TANO: Vitu hukutana mwilini, kwa hiyo wasimamizi wake nao wakutane.

Mwaka 1989, mjini London, Ontario, nchini Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wanachunguza jinsi pombe inavyoathiri dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini. Ili kuficha ladha ya pombe, walitumia juisi ya balungi. Matokeo yakawashangaza: dawa ilipanda kwenye damu kupita matarajio hata kwa waliokunywa juisi bila pombe. Balungi lilikuwa limezuia kimeng'enya cha ukuta wa utumbo ambacho huvunja felodipini na dawa nyingine nyingi. Tunda la mezani, dawa ya duka la dawa na kileo vilikutana katika jaribio moja, na aliyeleta taabu akawa tunda.

Hapa kwetu mikutano ya namna hii hutokea kila siku. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi huku akinywa pombe kila jioni anaongeza hatari ya kuharibu ini. Mitishamba ya "nguvu za kiume" inayouzwa stendi ina hatari yake: mamlaka za nchi nyingi, ikiwemo FDA ya Marekani, zimekuta sildenafili, dawa ya kiwandani ya nguvu za kiume, ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni mimea mitupu. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akinywa mchanganyiko huo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka na akafa. Mitishamba iliyolowekwa kwenye pombe kali nayo inauzwa kama tonisi, na mnywaji huhesabu vijiko vya dawa bila kuhesabu gramu za ethanoli.

Hospitali tunauliza, "Unatumia dawa gani?" Mgonjwa anataja vidonge na kunyamaza. Hataji mizizi, kwa sababu mara ya mwisho alipoitaja alifokewa. Hataji pombe, kwa sababu anaona aibu. Basi tunaandika dawa tukiwa gizani. Swali linalouliza vidonge, mizizi na kinywaji kwa sauti ile ile ya upole litaokoa watu kabla sheria yoyote haijabadilishwa.

MAPENDEKEZO

Nisiishie kwenye kulalamika. Nayaweka mezani mambo matano.

Moja: Baraza la Tiba Asili, TMDA, TBS, Mkemia Mkuu na halmashauri ziwe na daftari moja la taarifa za madhara. Muuguzi wa zahanati aripoti mara moja tu, kwa fomu moja, iwe ni kidonge, mzizi, unga au kinywaji.

Mbili: Kila bidhaa ya mmea inayouzwa nje ya kilinge iwe na jina la kibotania, sehemu ya mmea, kipimo, tarehe na onyo la kuchanganya na dawa nyingine. Kila kinywaji kinachouzwa kiandikwe gramu za ethanoli, kwa kuwa asilimia peke yake haimwambii mtu amekunywa kiasi gani.

Tatu: Wapika pombe za asili wasajiliwe kama wazalishaji wa chakula, wafundishwe usafi, na sampuli zao zipimwe kwa gharama nafuu. Kwa mkoa huu naomba mbege ipimwe asilimia yake na msesewe uliomo, na matokeo warudishiwe wapika mbege wenyewe.

Nne: Hospitali za wilaya ziwe na mwongozo wa kumhudumia anayeachishwa pombe, pamoja na thiamini na diazepamu zisizokatika.

Tano: Mganga anayeleta ujuzi wake maabara alindwe kwa mkataba. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka msingi wa kugawana faida itokanayo na mimea na maarifa ya jamii. Mtu hawezi kuombwa siri ya baba yake kwa kikombe cha chai na ahadi ya mdomo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nafunga. Mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika Novemba 2021, na makao yake yako Kigali. Miaka ijayo viwango vya dawa za bara hili vitajadiliwa pale, na dawa za mimea zitakuwa miongoni mwake. Watakaokwenda na takwimu za mimea yao, iliyotambuliwa, iliyopimwa na iliyofuatiliwa kwa wagonjwa, watasikilizwa. Watakaokwenda na sifa tupu watapangiwa na wengine.

Takwimu hizo hazitaletwa na mgeni. Zitakusanywa na ninyi vijana mnaosoma kemia, botania, uuguzi na sheria, mkikaa na wazee wenye maarifa na mama wenye mitungi, mkiwasikiliza kwa adabu na kupima bila upendeleo. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki ijayo katika zahanati moja, kwa daftari moja na maswali matatu: vidonge, mizizi na kinywaji. Mimi niko tayari kuungana na yeyote atakayeianza, na naomba majina ya walio tayari yaandikwe kabla hatujatoka ukumbini.